BREKI ZA TRELA SI MZIGO WA DEREVA PEKE YAKE



Malori mawili yakisimama pamoja hapa Makenke, ukikaribia Mbarara kwa barabara ya Masaka, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye breki. Huyu husifu gari lake jinsi linavyoshika, yule hulalamika kwamba trela lamsukuma mlimani. Ni mazungumzo ya haki. Anayeteremka na mzigo ni dereva na turniboi wake, wala si tajiri aliyeketi ofisini.

Gari lililotoka Mombasa hadi hapa limekwisha kwenda kama kilomita 1,400. Mengine huendelea Ntungamo na Kabale mpaka mpakani Katuna, kupitia milima ya Kigezi. Mengine huacha lami yakaingia Nakivale, wilaya ya Isingiro, kupeleka chakula katika makazi ya wakimbizi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960. Njia ya milimani huchosha breki kwa joto. Njia ya vumbi na tope hula laini na dramu kabla ya wakati wake.

Mara nyingi tunasikia kwamba "upepo ulikatika". Lakini upepo ukiisha, breki za springi hubana zenyewe, na hosi ya trela ikikatika, breki za trela hushika. Wazo hilo ni la zamani: George Westinghouse wa Marekani alilitumia katika breki za treni mwaka 1872. Adui mkubwa mlimani ni joto likikutana na ajasta zilizolegea. Dramu ikipata moto hutanuka, ikajitenga na laini. Fimbo ya chemba hulazimika kusafiri mbali zaidi, na kama ajasta zililegea tangu gereji, hufika mwisho wake kabla breki haijashika. Geji yaonyesha upepo umejaa, mguu umekanyaga mpaka chini, na gari bado linakwenda.

Tukumbuke na hesabu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki hupaswa kuigeuza joto huongezeka mara nne. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Uzito wa namna hiyo hauzuiliwi kwa mguu peke yake. Dereva huingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, hutumia breki ya injini, na hagusi nyutro kamwe.

Hapa tusifichane. Wapo wenzetu wanaoachia gari nyutro ili dizeli ibaki. Ni kosa, nasi tulikataze. Lakini tuulize pia: nani amepima dizeli kwa kijiko, na nani anamlipa dereva kwa safari badala ya mshahara wa mwezi? Mtu anayelipwa kwa safari huona saa moja ya kukaza breki kuwa saa ya njaa.

Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, Kenya, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena liliparamia watu njia panda ya Londiani, wakafa zaidi ya 50. Baada ya ajali kama hizo watu humtafuta dereva. Ni wachache wanaouliza kitabu cha gereji kiko wapi.

Basi kabla ya kuondoka, gari liwe mahali tambarare na magurudumu yawekewe vigingi. Mwaga maji kwenye matangi ya upepo. Jaza upepo, achia handibreki, mmoja akanyage breki na mwingine apime fimbo za chemba. Kwa chemba ya kawaida ya aina ya 30, fimbo ikitoka zaidi ya inchi 2, breki hiyo imelegea. Kama ajasta ni za kujikaza zenyewe, usizikaze kila siku ukadhani umepona. Zikilegea zina ubovu, aitwe fundi.

Na breki zikiwa mbovu, kataa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za kuridhisha, alindwe asiadhibiwe. Tangu 2022 mkataba huo umo miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Katika kila mazungumzo na matajiri, tudai haya:

1. Kila gari liwe na kitabu cha breki, fundi atie sahihi, na dereva apewe nakala.
2. Saa za kukagua na kukaza breki zilipwe kama saa za kazi.
3. Gari ambalo hosi ya breki za trela imezibwa lisitoke uwanjani.
4. Dereva anayekataa gari bovu asifukuzwe wala kukatwa mshahara.

Dereva mmoja akikataa, tajiri humtafuta mwingine getini. Madereva wote wakikataa, gari hupelekwa gereji.