Samaki wa vizimbani na chakula cha maskini

Uvumi kuhusu samaki wa kufugwa umeenea nchini kiasi kwamba ni vigumu siku hizi kuketi mezani penye kitoweo hicho bila mtu kuuliza, kwa sauti ya chini, iwapo ngege aliye sahanini ni wa ziwani au ni wa dawa. Wapo wanaoapa kwamba samaki hao hunenepeshwa kwa homoni zitakazowaharibu watoto wetu. Wengine hudai kuwa samaki waliogandishwa kutoka Uchina wametengenezwa kwa plastiki. Walimu wa sayansi huulizwa maswali haya madarasani, na si wote walio na majibu. Mwandishi wa safu hii anaamini kuwa hofu hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, ila imeelekezwa pasipostahili.

Tuanze na homoni. Ngege dume hukua upesi kuliko jike, na madume na majike wakiachwa pamoja katika bwawa moja huzaana ovyo hadi bwawa likajaa visamaki visivyouzika. Kwa sababu hiyo, vituo vingi vya kutotolea vifaranga hutia homoni ya kiume katika chakula chao kwa majuma matatu au manne ya mwanzo, ili karibu wote wawe madume. Baada ya hapo hawapewi tena, nao huvuliwa miezi sita au minane baadaye, wakati ambapo mabaki ya homoni hiyo mwilini yamekwisha kupungua mno. Mlaji, basi, hana sababu kubwa ya kukosa usingizi. Anayestahili kuhofiwa ni kibarua aichanganyaye dawa hiyo kwa mikono mitupu, na jirani ambaye maji ya kituo humwagwa katika kijito chake. Hao hawatajwi kamwe katika uvumi.

Na hao wa Uchina? Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilitangaza kuwa itapiga marufuku uagizaji wao, Uchina ikalalamika, na marufuku hiyo haikudumu. Kwa maoni yangu, mjadala ule ulihusu bei na soko la wavuvi wetu kuliko ulivyohusu afya ya mtu yeyote.

Swali lenye maana zaidi ni samaki huyo alilishwa nini. Mnamo Januari 2004, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ronald Hites na wenzake waliopima takriban samaki 700 aina ya samoni, wa kufugwa na wa porini. Waligundua kuwa wale wa kufugwa, hasa wa Ulaya, walikuwa na kemikali sumu za viwandani kwa kiwango kikubwa kuliko wa porini. Sumu hiyo haikutiwa na mfugaji. Ilitoka katika mafuta ya visamaki vya baharini vilivyosagwa kuwa chakula cha samoni, na kila samoni alipokula ndivyo ilivyozidi kujilimbikiza katika mafuta yake. Tangu hapo wafugaji wamepunguza mafuta ya samaki na kuongeza ya mimea, na sumu imepungua. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling huko Uskoti walionyesha mwaka 2016 kwamba mafuta yenye manufaa kwa moyo, yale ya omega-3, nayo yalipungua kwa karibu nusu katika muda wa miaka kumi. Ngege ana bahati kwa kuwa yeye hula mimea kwa urahisi, hivyo hujilimbikizia zebaki kidogo mno. Wala asitarajiwe kuwa na omega-3 nyingi kama samaki wa bahari ya baridi.

Yapo pia madawa ya kuua viini. Mwaka 2014 wafugaji wa samoni nchini Chile walitumia zaidi ya tani 500 za dawa hizo, hali wenzao wa Norway, wanaozalisha samaki wengi zaidi, hawakufikisha hata tani moja, kwa kuwa walikwisha kuanza kuwachanja samaki wao. Dawa zikitumiwa kiholela, viini huzizoea, na viini hivyo havibaki majini. Katika nchi kama yetu, ambamo mtu yeyote huweza kununua dawa za mifugo sokoni bila karatasi ya daktari, mfano wa Chile wafaa ufundishwe mapema.

Mabwawa ya nchi kavu yana kisa chake. Mwaka 2009, katika mpango wa kufufua uchumi, serikali iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140 yaliyochaguliwa. Ruzuku ilipokwisha, mengi yaliachwa yakaota magugu. Ajabu ni kwamba mwaka mmoja kabla ya mpango huo, utafiti uliofanywa Kisii ulikuwa umechapishwa ukionyesha kuwa bwawa lililotelekezwa huzalisha mbu wa malaria kwa wingi kuliko bwawa lenye samaki, kwani ngege hula viluwiluwi vyao. Sijui kama waliopanga mabwawa yale waliwahi kuusoma.

Sasa tufike ziwani. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria, na sehemu mojawapo ya upande wetu ni Ghuba ya Winam, yenye kina kifupi na maji yasiyobadilika upesi. Watafiti walipohesabu vizimba katika miaka ya 2016 na 2017, walipata 1,663 upande wa Kenya, vingi vikiwa Siaya. Kufikia mwaka 2019 vilikuwa vimezidi 4,000.

Wanafunzi na wapige hesabu. Ili ngege aongeze kilo moja ya uzito, huhitaji kama kilo moja na nusu ya chakula kikavu. Sehemu kubwa ya fosforasi na nitrojeni iliyomo katika chakula hicho haiishii katika minofu, bali hutoka kama kinyesi na makombo. Mwenye bwawa huyaona makombo hayo na hulazimika kuyazoa. Mwenye kizimba huyaacha yazame katika ziwa la umma bila kulipa chochote. Fosforasi hiyo ni mbolea ya mimea midogo ya kijani. Mimea hiyo ikifa na kuoza hunyonya oksijeni ya maji, na samaki aliyefungiwa ndani ya wavu hana pa kukimbilia. Mnamo Novemba 2022, samaki wa vizimbani katika Kaunti ya Kisumu walielea kwa maelfu wakiwa wafu. Baadhi ya wakazi walishuku uchafu uliomwagwa ziwani. Watafiti wa serikali walieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini. Wenye vizimba waliokuwa wamekopa walibaki na deni.

Haki inatutaka tukiri kwamba vizimba si mchafuzi wa kwanza wa ghuba hiyo wala si mkubwa. Mto Nyando huleta udongo na mbolea za mashambani, na kijito cha Kisat hupeleka maji taka ya mji wa Kisumu. Gugumaji lilikuwa limetanda tangu miaka ya 1990, kabla ya vizimba vya biashara kuwepo. Hata hivyo, mgonjwa aliye kitandani haongezewi mzigo kwa kuwa hakuugua kwa sababu yake.

Lakini linalonisumbua zaidi ni omena. Kisamaki hiki huliwa kizima, pamoja na mifupa yake, na kwa sababu hiyo humpa mtoto protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Ndicho kitoweo cha vibarua na cha shule nyingi za bweni. Leo sehemu kubwa ya omena inayovuliwa husagwa kuwa chakula cha kuku na samaki, na mnunuzi wa kiwanda hushindana bei na mama aliyeshika kikapu. Tunaambiwa kwamba vizimba vitailisha nchi. Navyo huchukua kitoweo cha shilingi chache na kukigeuza ngege ambaye mama huyo hawezi kumnunua. Protini badala ya omena zipo: soya, mashudu ya alizeti, na mabuu ya nzi ambayo yameanza kuzalishwa humu nchini kwa kulishwa takataka za jikoni.

Kaunti zinazotoa vibali vya vizimba zina uwezo wa kudai vipimo vya oksijeni kila juma na kuvibandika katika kila ufuo, mahali ambapo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuvisoma. Nao mfuko wa chakula cha samaki, ambao huandikwa kiasi cha protini kilichomo, uandikwe pia ni kiasi gani cha protini hiyo kilichotokana na omena.