Petroli Yenye Spiriti ya Miwa: Motokaa Yaweza, Ndege Isijaribu

Mtu asimamaye ukingoni mwa Menengai huiona Nakuru yote chini yake, pamoja na reli na barabara kuu inayopanda kuelekea Mau. Barabarani motokaa hupita mchana na usiku, na mara kwa mara ndege ndogo ya injini ya pistoni hukata anga juu ya ziwa. Vyombo hivi viwili hunywa mafuta ya jamii moja, yaani petroli. Kwa hiyo wako watu wanaouliza swali la haki: ikiwa petroli iliyochanganywa na spiriti ya miwa yaifaa motokaa, kwa nini isiifae ndege?

Jibu lake si gumu, na lafaa kujulikana si na marubani peke yao, bali na kila mwenye gari, pikipiki, pampu ya maji au jenereta. Maana mambo yale yale yanayoweza kuiangusha ndege ndiyo yanayoharibu injini ya shambani. Tofauti ni kwamba injini ya shambani ikizimika, hakuna anayeanguka.

SPIRITI HIYO HUTOKA WAPI?

Kiwanda kikamuapo miwa na kuitoa sukari, hubaki uji mzito, mweusi na mtamu, uitwao molasi. Wafugaji wa Njoro na Naivasha wanaujua vizuri, kwa kuwa huwachanganyia ng'ombe wao katika nyasi kavu wakati wa kiangazi. Molasi ikitiwa maji na hamira, hamira hula ile sukari iliyobaki na kutoa spiriti, ambayo wataalamu huiita ethanoli. Kisha mchanganyiko huo huchemshwa. Pwani, usawa wa bahari, spiriti huchemka katika joto la digrii 78 na maji katika digrii 100. Basi mvuke wa spiriti hutangulia kupanda, hukamatwa katika mabomba na kupozwa. Njia hii ni ile ile ya wapikao chang'aa, ila kiwandani kila hatua hupimwa.

Lakini kwa kuchemsha tu spiriti haiwezi kuachana na maji yote. Hubaki sehemu nne au tano za maji katika kila mia, na hapana budi maji hayo yaondolewe kwa kazi ya pili kabla spiriti haijafaa kuingia katika petroli. Tani moja ya molasi hutoa kadiri ya lita 250 za spiriti. Jambo moja lisisahauliwe: spiriti ya injini si kinywaji. Ikisha kuchanganywa na petroli au kutiwa dawa za kuizuia isinyweke ni sumu, na mwenye kuionja huhatarisha maisha yake.

KENYA ILIPOJARIBU

Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta ya nchi za nje ilipanda ghafla mara mbili, kwanza mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Nchi isiyochimba mafuta yake yenyewe ilipaswa kutoa fedha nyingi zaidi kwa pipa lile lile. Wakati huo huo molasi ilikuwa tele katika viwanda vya sukari vya magharibi. Basi mwaka 1978 iliundwa kampuni ya Agro-Chemical and Food huko Muhoroni, mahali ambapo reli itokayo Nakuru kwenda Kisumu hushuka katika mashamba ya miwa. Tangu mwaka 1983 petroli yenye sehemu moja ya spiriti kwa sehemu tisa za petroli iliuzwa Nairobi, nayo ikaitwa gasoholi.

Mpango huo ulidumu kwa muda wa miaka kumi hivi, ukakoma mwaka 1993. Sababu kubwa ilikuwa hesabu ya bei. Mafuta ya nje yalikuwa yameshuka bei katikati ya miaka ya 1980, na spiriti iliyoonekana rahisi zamani sasa ilionekana ghali, tena ilikuwa na wanunuzi wengine. Malawi, ambayo haina pwani na husafirisha mafuta yake kwa njia ndefu, ilianza kuchanganya mwaka 1982 na haikuacha. Hapa petu wazo lilifufuliwa baada ya mwaka 2004, na ikafikiriwa kuanzia Kisumu, karibu na miwa yenyewe.

Wengine huuliza kwa nini spiriti isitiwe katika bomba kuu la mafuta, ambalo lilifika Nakuru mwaka 1994. Ni kwa sababu spiriti huyavuta maji yote inayoyakuta njiani, na bomba lile lile hupitisha pia mafuta ya ndege kubwa, ambayo hayafai kuguswa na maji wala spiriti. Kwa hiyo desturi ni kuchanganya mwishoni kabisa, katika ghala la mafuta, wakati lori linapopakiwa.

MOTOKAA HUPATA NINI NA HUPOTEZA NINI?

Spiriti ina sifa njema. Huzuia ule mgongo wa chuma usikikao injini inapolemewa mlimani, nayo huungua bila masizi mengi. Lakini lita moja ya spiriti ina nguvu pungufu ya lita moja ya petroli kwa kadiri ya theluthi moja. Hesabu yake ni hii: katika lita 100 za mchanganyiko mna lita 90 za petroli na lita 10 za spiriti, na lita hizo 10 zafanya kazi ya lita saba za petroli hivi. Basi gari lililokuwa likienda kilometa 100 litakwenda kilometa 97 kwa kiasi kile kile. Dereva wa matatu huenda asitambue. Mwenye malori kumi atatambua mwisho wa mwezi.

Motokaa nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980 huuchukua mchanganyiko huu bila taabu. Gari la zamani, trekta kuukuu au msumeno wa injini huhitaji uangalifu zaidi. Spiriti hulainisha na kuvimbisha mipira na gundi za aina fulani, nayo hung'oa uchafu uliogandamana tangini kwa miaka mingi. Uchafu huo hukimbilia katika chujio na kuliziba. Mwenye gari la namna hiyo na akague mabomba ya mpira, tena abadilishe chujio baada ya tangi chache za kwanza.

MAJI YALIYOJIFICHA

Sasa twafika kwenye kiini cha jambo. Petroli tupu na maji havipatani. Maji yakiingia tangini huzama chini na kukaa peke yake. Kwa sababu hiyo kila rubani, kabla ya kuruka, hufungua kizibo kidogo chini ya tangi na kumwaga kiasi katika chupa. Maji yakiwamo huyaona kwa macho yake, huyatoa, kisha huenda zake salama.

Petroli yenye spiriti huyameza maji hayo na kuyaficha. Mchanganyiko wa moja kwa tisa, katika joto la digrii 15 hivi, waweza kuficha maji kadiri ya nusu ya sehemu moja katika mia. Yaani pipa la lita 200 laweza kuficha lita moja nzima. Rubani amwagapo katika chupa haoni kitu. Mafuta ni safi machoni. Lakini kadiri mafuta yanavyopoa, ndivyo uwezo wake wa kuficha maji unavyopungua, na huko juu ni baridi. Kila mtu apandapo meta 1,000, joto hupungua digrii sita au saba. Ndege iliyotiwa mafuta Nakuru katika jua la adhuhuri, ikapanda kuvuka safu za Nyandarua, yaweza kukuta baridi iliyozidi kwa digrii kumi na zaidi. Hapo maji huachana na petroli, nayo hayaachani peke yake: huichukua spiriti pamoja nayo na kuzama chini ya tangi, mahali hasa ambapo bomba la injini hunyonyea. Injini hupewa maji na spiriti badala ya petroli, ikazimika. Motokaa hapo ingesimama kando ya barabara. Ndege haina kando ya barabara.

MVUKE KATIKA NCHI YA JUU

Kuna hatari ya pili, na watu wa Bonde la Ufa wanaijua jikoni. Mtu ahamaye kutoka Mombasa kwenda Molo hushangaa kuona maharagwe yake hayaivi upesi. Sababu ni kwamba uzito wa hewa hupungua kadiri mtu apandavyo, na maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Nakuru, penye meta 1,850 hivi juu ya bahari, maji huchemka katika digrii 94 hivi.

Petroli nayo hufuata sheria hiyo hiyo. Ikichanganywa na spiriti kidogo, huchemka kwa urahisi zaidi kuliko ilivyokuwa peke yake. Mafuta yakichemka ndani ya bomba jembamba karibu na injini yenye joto, hugeuka mapovu ya mvuke, na pampu iliyoundwa kusukuma mafuta haiwezi kusukuma mapovu. Injini hukohoa, kisha hunyamaza. Gari la kabureta lipandapo Mau likiwa limelemewa na mzigo laweza kupatwa na jambo hilo. Dereva husimama, hufungua boneti na kungoja ipoe. Rubani hana nafasi ya kungoja.

Tena kuna mipira na gundi. Baadhi ya ndege ndogo zina matangi yaliyozibwa kwa dawa ambayo spiriti huilegeza, na vipande vyake huweza kuziba njia ya mafuta. Kwa sababu hizi zote, huko Marekani, ambako tangu mwaka 1982 ndege nyingi ndogo zimeruhusiwa kutumia petroli ya motokaa, sharti liliwekwa kwamba isiwe na spiriti hata kidogo. Injini chache za kisasa, kama zile za Rotax za ndege nyepesi, zimeruhusiwa na watengenezaji wake kutumia mpaka sehemu kumi katika mia. Lakini ruhusa ya injini si ruhusa ya tangi na mabomba ya ndege. Neno la mwisho ni la kitabu cha ndege yenyewe.

Asiseme mtu kwamba spiriti haiwezi kurusha ndege kamwe. Brazil, nchi ambayo petroli yake ya motokaa ina spiriti zaidi ya robo, ilikubali mwaka 2004 ndege ya kunyunyizia dawa mashambani iitwayo Ipanema, inayotumia spiriti peke yake. Lakini ndege hiyo ilitengenezewa mabomba, pampu na injini za kazi hiyo. Haikutiwa spiriti kwa kubahatisha.

JINSI YA KUIPIMA

Kipimo hiki ni rahisi, nacho hufanywa nje, mbali na moto na sigara. Twaa chupa nyembamba ya kioo iliyonyooka. Tia maji sehemu moja, kisha piga alama mahali maji yalipofika. Ongeza sehemu tisa za petroli, ziba, tikisa kwa nguvu, halafu isimamishe mahali pa sawa kwa dakika kumi. Mstari wa maji ukirudi penye alama, petroli haina spiriti. Ukipanda juu ya alama, spiriti imo, kwa kuwa imeiacha petroli na kujiunga na maji. Ikiwa ni mchanganyiko wa moja kwa tisa, yale maji yataonekana karibu kuwa maradufu.

Wenye pampu na jenereta mashambani nao na wakumbuke haya: msiweke petroli ya namna hii kwa miezi mingi; fungeni vizibo imara; pipa likae chini ya paa, au lilazwe upande, maji ya mvua yasisimame juu ya kizibo na kupenya ndani.

Spiriti ya miwa ni mali njema, nayo yaweza kumpatia mkulima soko na kuipunguzia nchi gharama. Haina kosa isipowekwa mahali pasipo pake. Mwenye motokaa na aitumie akijua hesabu yake. Mwenye ndege na aipime petroli kabla ya kuitia, maana dakika kumi za kungoja chupa uwanjani ni kidogo sana kwake na kwa abiria wake.