Fahamu: Picha ya ubongo huonyesha nini maneno yanapopotea?
Muuza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, akianza kuita kila kifaa "kile kidude", watu husema ni uzee. Huenda ni afasia inayozidi polepole, aina ya ugonjwa wa kusahau inayoanza kwa kushambulia lugha. Daktari wa neva Marsel Mesulam aliieleza mwaka 1982 kupitia wagonjwa 6.

Kipimo cha MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, kinachopatikana katika taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, huonyesha ubongo uliosinyaa, mara nyingi upande wa kushoto. Eneo la karibu na sikio likisinyaa kwa mbele, maana za maneno hupotea. Eneo la nyuma ya paji la uso likisinyaa, mgonjwa huongea kwa kukwamakwama.

Picha hubaini pia kiharusi au uvimbe, magonjwa ambayo tiba yake ni tofauti kabisa.

Mwanzoni mwa ugonjwa, picha inaweza kuonekana safi, hivyo maelezo ya ndugu ni muhimu mno.