Maumivu ya Kiuno ya Muda Mrefu: Tiba Zinazofaa na Zisizofaa

Kazi ya pamba mkoani Simiyu hutegemea sana mgongo wa mkulima. Mwezi wa Novemba na Desemba huinama kupanda, kisha huinama kupalilia na kuvuna. Na soko lifunguliwapo hubeba mzigo hadi kituo cha kununulia. Kwa hiyo si ajabu kwamba maumivu ya kiuno yamezoeleka vijijini. Linalosikitisha ni kuona fedha za msimu mzima zikiishia katika tiba zisizoponya, na shamba likabaki magugu.

Maradhi haya si ya Bariadi peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 619 waliumwa kiuno katika mwaka 2020.

Asili ya maumivu

Maumivu yaliyopita miezi mitatu huhesabiwa kuwa ya muda mrefu. Katika watu kumi wenye maumivu ya kiuno, tisa hivi hawapatikani na ugonjwa mmoja ulio dhahiri. Maumivu yao ni ya kweli, lakini hayana maana kwamba uti wa mgongo umevunjika. Hata picha ya eksirei ikionyesha pingili zilizochakaa, uchakavu kama huo huonekana pia kwa watu wengi wasioumwa kamwe.

Hata hivyo, wachache wana ugonjwa mwingine uliojificha. Kifua kikuu chaweza kuingia katika mifupa ya mgongo. Bruselosisi, ambayo mtu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kuhudumia mifugo iliyotupa mimba, nayo huleta homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno. Wafugaji wasilisahau jambo hili.

Mgonjwa asikawie kwenda kituo cha afya au hospitali akiwa na homa, akikonda bila sababu, akiumwa zaidi usiku, au baada ya kuanguka. Ikiwa miguu inapoteza nguvu, sehemu za siri zinakufa ganzi, au mkojo na choo havizuiliki, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa kwaweza kumletea kilema cha maisha.

Tiba zinazofaa

Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu haya. Jambo la kwanza ni mgonjwa kuelezwa hali yake na kuendelea na shughuli kadiri awezavyo. Kulala kitandani majuma mengi hulegeza misuli ya mgongo, na misuli iliyolegea huzidisha maumivu.

La pili ni mazoezi ya kila siku. Kutembea kwafaa, hali kadhalika kulala chali, kukunja magoti na kuinua kiuno polepole mara kadhaa. Mazoezi huanza kwa uchache na kuongezwa taratibu, na faida yake huonekana baada ya majuma kadhaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini aweza kumfundisha mgonjwa na kumkanda.

La tatu ni dawa. Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu kwa muda, lakini vikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Wajawazito na wenye shinikizo la damu wasivinywe bila ushauri wa mganga.

Upasuaji huwafaa wachache, hasa ambao mishipa yao ya fahamu imebanwa. Wagonjwa wa namna hiyo hupewa rufaa, kwa mfano kwenda Bugando mjini Mwanza, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Tiba zisizofaa

Mwongozo huo haushauri mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa vyombo, wala dawa za jamii ya afyuni, ambazo humfanya mtu awe mtumwa wa dawa. Chale zinazochanjwa kwa wembe wa watu wengi zaweza kuambukiza UKIMWI na homa ya ini.

Wajibu wa vyama

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo unaobebwa na mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mwepesi zaidi. Chama cha msingi chaweza kulishika pendekezo hilo katika ghala lake: mzigo mzito ubebwe na watu wawili au usukumwe kwa mkokoteni, na wapakiaji wapewe zamu za kupumzika. Anayeinua mzigo akunje magoti, aukaribishe kifuani, wala asijipinde kiuno akiwa ameubeba. Shambani, jembe lenye mpini mrefu na palizi ya maksai hupunguza kuinama.

Yafaa makatibu wayasome maelezo haya katika mkutano wa wanachama kabla ya soko kufunguliwa, na wabandike dalili za hatari kwenye ubao wa matangazo karibu na mzani. Mwanachama mwenye dalili hizo asisubiri malipo ya pamba ndipo atafute matibabu.