Je, Wajua? Rukwa na Marufuku ya Kompyuta ni Rika Moja

Je, wajua kwamba mwaka 1974, Mkoa wa Rukwa ulipozaliwa kwa kumegwa kutoka Mbeya na Tabora, ndio mwaka huohuo Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta Tanzania? Wizara ya Fedha ilikuwa na mashine hiyo tangu 1965. Ikaleta kubwa zaidi, hesabu zikavurugika, fedha za kigeni zikaishia humo. Televisheni nazo zikazuiwa: Bara ilisubiri hadi 1994, ilhali Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu miaka ya 1970. Jina la Sumbawanga, mji mkuu wa Rukwa, kwa Kifipa husemwa ni "tupa uchawi". Mwaka ule ilitupwa mashine.

Kamba ilianza kulegea miaka ya 1980, lakini kompyuta haikupanda Ufipa mbio. Hata umeme wa Sumbawanga, kwa miaka mingi, ulivushwa mpakani kutoka Zambia kupitia Mbala.

Wajapani, mafundi wenyewe, nao hawakuikimbilia kompyuta ya nyumbani. Kikwazo chao kilikuwa maandishi: maelfu ya herufi za kanji hayaenei kwenye kibodi. Mwaka 1978 Toshiba ilitangaza mashine ya kazi moja tu, kuchapa Kijapani, kwa yeni milioni 6.3. Baadaye mashine za aina hiyo zikashuka bei, zikaingia majumbani, na wengi hawakuona haja ya kompyuta. Sisi hatuna kisingizio hicho. Hata ng'ombe anaandikika kwenye kibodi yoyote, na kinukta chake cha juu.

Kwetu kompyuta ikawa kitu cha dukani. Ingia steshenari yoyote ya Sumbawanga asubuhi ya Julai, baridi ikikata masikio. Mzee aliyeshuka na basi la Laela amebana bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nichapie hii, mtoto anaomba mkopo wa chuo. Jina lake lisikosewe."

Kijana anachapa, anaskani vyeti, anatuma. Mzee analipa, anatoa simu yake ya vitufe kumpigia binti. Nyumba yake haijawahi kuwa na kompyuta, na sioni kama itakuwa nayo: simu imeshawahi nafasi hiyo.

Nawe ukienda kuchapiwa, soma jina lako herufi kwa herufi kabla hujalipa, na nywila yako ondoka nayo.