Kwa nini kusubiri majibu kunaumiza kuliko kukosa

Ukiwa karibu na mpaka wilayani Ngara, pande za Rusumo au Kabanga, simu yako inaweza kukufanyia kituko. Unazunguka kilima kidogo tu, inadaka mnara wa Rwanda au wa Burundi, na saa yake inarudi nyuma, maana majirani zetu hao wako nyuma yetu kwa saa moja. Siku za kawaida unacheka. Lakini kama umeomba nafasi ya utarajali serikalini na unasubiri kuitwa, hucheki. Bando limegoma, na wewe unaamini kabisa kwamba ni ndani ya dakika hizo kumi tangazo limetoka.

Niliwahi kuwa mtu huyo. Mwaka huu ni zamu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyeko Biharamulo. Amemaliza shahada, ameomba, amefanya usaili, na sasa ni wiki ya sita anasubiri. Juzi alinipigia: "Dada, moyo umekataa. Usiku silali. Hii nafasi nahisi nimeshaikosa." Nilianza kumweleza, salio likaisha. Basi ngoja niyamalizie hapa, kwa faida yake na yako.

Tuanze na nyoka. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 45. Kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta akionyeshwa picha za mawe, akawa anabashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi, inayouma kweli. Uwezekano wa kumkuta nyoka ulikuwa ukibadilika kadiri mchezo unavyoendelea. Muda wote watafiti walipima jasho la ngozi na ukubwa wa mboni za macho, vitu viwili ambavyo mtu hawezi kuvidanganya kirahisi, na pia wakawauliza wachezaji wenyewe wanajisikiaje.

Ungetegemea mtu ateseke zaidi pale anapojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Haikuwa hivyo. Waliteseka zaidi pale uwezekano ulipokuwa asilimia 50, yaani inaweza kuja, inaweza isije. Aliyejua atapigwa shoti kwa asilimia 100 alikuwa na utulivu kuliko aliyekuwa katikati.

Sasa peleka hilo kwenye maombi. Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, na maombi yakazidi 130,000. Hizo zilikuwa ajira kamili, lakini nafasi za utarajali, zikiwemo zinazoratibiwa na Wakala wa Huduma za Ajira (TaESA), zinagombewa na wahitimu walewale. Piga hesabu: kwa Uhamiaji ni mmoja kati ya zaidi ya 140, kwa Mapato mmoja kati ya zaidi ya 80. Ukiwa umetuma maombi tu, ubongo unajua moyoni mwake (samahani kwa mchanganyo huo wa viungo) kwamba jibu la kutarajia ni hapana. Unatuma, unasahau, unaendelea na maisha.

Halafu unaitwa kwenye usaili. Orodha iliyokuwa na maelfu inabaki na wachache. Pengine sasa mko watatu kwa kila nafasi, pengine wawili. Yaani umesogezwa mpaka pale kwenye asilimia 50, kwenye jiwe baya kuliko yote. Usingizi unakatika wakati ambao matumaini yako yameongezeka kuliko siku zote.

Kwa hiyo, mdogo wangu, moyo haujakataa kitu. Moyo haujaiona orodha. Unadunda hivyo kwa sababu uko katikati, na ungedunda hivyohivyo hata kama jina lako limeshaandikwa la kwanza. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakiutumia wasiwasi kama ramli. Mwenzangu mmoja hakwenda hata kwenye hatua ya pili ya usaili, eti "alishajua".

Kwenye jaribio lile la nyoka kulikuwa na jambo jingine. Wale ambao wasiwasi wao ulipanda na kushuka kufuatana na hali halisi ya mchezo ndio waliobashiri vizuri zaidi. Kumbe wasiwasi una kazi: unakuamsha ujifunze. Shida ni kwamba mchezaji alipata taarifa mpya kila jiwe lilipofunuliwa. Wewe unayesubiri hupewa taarifa yoyote. Injini inanguruma na gari limeegeshwa.

Na tukikosa taarifa tunazitafuta kwa nguvu, kwenye simu. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia B. F. Skinner na wenzake walichunguza njiwa waliokuwa wakidonoa kitufe ili wapate chakula. Chakula kilipokuja bila mpangilio, njiwa walidonoa na kudonoa bila kupumzika. Chakula kilipofuata muda maalumu, njiwa akishakula alitulia kwanza, akaanza kudonoa tena muda ulipokaribia. Ukurasa wa matangazo unaoufungua mara 40 kwa siku umekufanya uwe njiwa wa kwanza. Chagua saa moja tu, tuseme saa 11 jioni ofisi zikishafungwa, ufungue mara moja ukiwa mahali penye mtandao. Simu iwe imechajiwa, na kama fomu ina sehemu ya namba ya pili, weka ya mtu asiyeishi chini ya mnara wa ng'ambo.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo utalala kama mtoto. Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake waliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliosubiri matokeo ya mtihani wa uwakili kwa miezi minne. Mbinu nyingi walizojaribu kujituliza hazikuwasaidia sana. Ila waliohangaika wakati wa kusubiri waliyapokea majibu vizuri zaidi: waliofeli walijipanga upya haraka, waliofaulu walifurahi kweli. Katika tafiti nyingine, Sweeny na wenzake waliona afadhali kwa watu waliozama kwenye shughuli inayodai akili yao yote. Kutazama video za watu wengine wakila hakuhesabiki.

Hapo ndipo ninapogombana na mdogo wangu. Mvua za vuli zimeanza, jirani amempa robo eka apande maharage, naye anakataa kwa sababu "naweza kuitwa wakati wowote". Mwaka wangu nilifanya hivyohivyo. Nilikataa kazi ya muda ya kukusanya takwimu za kaya, wiki tatu, malipo mazuri, nikakaa nyumbani Ngara kulinda simu. Majibu yalitoka miezi miwili baadaye. Nilikosa. Nililia siku mbili, nikaamka ya tatu na njaa kali, nikala, nikaanza kuandika maombi ya masomo. Kilichonikera kwa muda mrefu zaidi ni zile wiki tatu za takwimu.

Nilimtumia maelezo haya kabla sijayaweka hapa. Jana saa 11 na nusu jioni alijibu: "Bado, dada." Dakika mbili baadaye ikaingia meseji nyingine, ananiuliza kilo ya mbegu za maharage huku kwetu ni shilingi ngapi.