Chokaa na Makaburi ya Wazee: Kuyasafisha na Kuyapaka kwa Gharama Ndogo

Katika pwani ya Tanzania, koo nyingi za zamani zina mahali pao pa kuzikia. Makaburi ya mahali hapo aghalabu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na baadhi yake yana majina na tarehe zilizochorwa katika lipu. Mvua za miaka mingi huyaotesha ukoga mweusi, lipu hubambuka, na jamaa huchanga fedha ili wayatengeneze. Mara nyingi fedha hizo hununua saruji na rangi ya mafuta. Mwaka wa kwanza makaburi hung'ara. Baada ya miaka michache lipu mpya huanguka, nayo huondoka pamoja na uso wa jiwe na maandishi yaliyokuwa juu yake. Hivyo ukoo hupoteza fedha zake na kumbukumbu zake kwa pamoja. Makala hii inaeleza sababu ya hasara hiyo, na jinsi ya kuiepuka kwa kutumia chokaa, ambayo ndiyo iliyotumiwa na wajenzi wa kwanza.

Chokaa ni kitu gani?

Matumbawe na mawe ya chokaa yana asili moja: yote ni kalsiamu kabonati. Jiwe hilo likichomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi za Sentigredi, hewa ya kaboni dioksidi hutoka ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 tu za chokaa kali. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka kwa nguvu, huyanywa maji, na kuwa unga mweupe wenye uzito wa kilo 74 hivi. Unga huo ndio chokaa inayouzwa katika mifuko.

Chokaa ikishapakwa ukutani huanza safari ya kurudi ilikotoka. Polepole huivuta kaboni dioksidi kutoka hewani, na mwishowe huwa jiwe tena. Kwa hiyo kaburi la matumbawe lililopakwa chokaa huwa limevikwa ngozi ya jiwe la aina yake lenyewe.

Kwa nini saruji na rangi ya mafuta huleta madhara?

Kaburi hukaa juu ya udongo wenye unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini kwa kupitia vinyweleo vya jiwe, kama vile mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Karibu na bahari maji hayo huwa na chumvi. Uso wa kaburi ukiwa wa chokaa, maji hutoka nje kwa njia ya mvuke, na chumvi hubaki juu juu kama unga mweupe unaoweza kufagiliwa.

Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na vinyweleo vyake ni vidogo zaidi. Rangi ya mafuta nayo huziba uso kama ngozi isiyopitisha maji. Maji yakikosa njia ya kutokea hujikusanya nyuma ya tabaka hilo. Hapo chumvi huganda na kuwa fuwele, na fuwele zinapokua hulisukuma jiwe kutoka ndani hadi uso wake ukasagika. Isitoshe, saruji ina chumvi zake yenyewe, ambazo huongeza zile za ardhini. Tabaka gumu likiwekwa juu ya jiwe laini, kinachovunjika ni kile kilicho laini.

Mambo ya kutangulizwa

Kwanza, umri wa makaburi ujulikane. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Makaburi ya namna hiyo, kama yale ya minara yaliyoko Kaole karibu na Bagamoyo na yale ya Kunduchi, hayafai kuguswa bila ya kibali cha idara inayohusika.

Pili, wazee na viongozi wa dini waulizwe. Baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu hukataza kujenga juu ya kaburi na kulipaka chokaa. Palipo na maoni hayo, kazi iishie katika kufyeka na kufagia.

Tatu, maandishi yote yanakiliwe na kupigwa picha kabla ya brashi ya kwanza kugusa kaburi. Saa za asubuhi na jioni ndizo bora, kwa kuwa jua la ubavuni huvipa vivuli hata vichoro vilivyofifia. Nakala zihifadhiwe na watu wawili au zaidi.

Wakati unaofaa kwa kazi ni baina ya Juni na Septemba. Masika imekwisha, kuta zimeanza kukauka, na jua si kali.

Kusafisha

Nyasi na vichaka vikatwe kwa uangalifu, kwani huenda wamo nyoka. Mizizi iliyopenya katika nyufa isivutwe kwa nguvu, maana hung'oka pamoja na mawe. Shina likatwe, na mzizi uachwe ufe mahali pake.

Ukoga hulainishwa kwa maji baridi, kisha husuguliwa kwa brashi ya katani. Palipo na ukoga mgumu, magunia yaliyoloweshwa yafunikwe kwa saa chache. Brashi ya waya hukwaruza jiwe. Tindikali ya betri, au ya kusafishia vyoo, ndiyo mbaya kupita vyote: kalsiamu kabonati huyeyuka katika tindikali, na povu linaloonekana ni jiwe lenyewe linalotoweka.

Kuziba nyufa

Udongo wa kuzibia hufanywa kwa kipimo 1 cha chokaa na vipimo 3 vya mchanga. Mchanga wa ufukweni haufai kwa sababu ya chumvi yake. Utumike ule wa mtoni au wa machimboni. Ufa uloweshwe kwanza. Kiraka kikishawekwa kifunikwe kwa gunia bichi kwa siku kadhaa, kwani chokaa inayokauka upesi hupasuka na haishiki.

Kupaka

Chokaa huchanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kisha huchujwa kwa kitambaa. Ukuta huloweshwa, halafu hupakwa tabaka jembamba. Chokaa ikiwa bado mbichi haionekani sana. Weupe wake hutokea inapokauka, kwa hiyo fundi asishawishike kuipaka nzito. Tabaka 3 nyembamba, kila moja ikipewa siku nzima ya kukauka, hudumu kuliko moja nene. Mahali penye maandishi paachwe bila kupakwa, ili herufi zisijae.

Chokaa huunguza ngozi na macho. Mpakaji avae glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, lioshwe mara moja kwa maji mengi safi na mgonjwa apelekwe hospitali.

Kupima gharama

Kaburi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 0.9 na kimo cha mita 0.5 lina eneo la mita za mraba 4.7: juu 1.8, ubavuni 2.0, na ncha zote mbili 0.9. Badala ya kukisia, kaburi moja lipakwe kwanza na chokaa iliyotumika ipimwe kwa mizani. Kiasi hicho kikizidishwa kwa idadi ya makaburi yanayolingana na hilo, ukoo utajua mifuko ya kununua.

Ubora wa chokaa pia hupimwa kwa urahisi. Tone la siki au ndimu lidondoshwe juu ya unga. Ukitoa povu jingi, chokaa hiyo imekwisha kupigwa na hewa na kurudi kuwa kabonati, wala haitashika. Inunuliwe ile iliyofungwa vizuri, iliyochomwa kwa mawe ya nchi kavu kama yale ya Mkoa wa Tanga. Kuvunja matumbawe ya baharini ili kuyachoma huharibu mazalio ya samaki.

Ikumbukwe kwamba chokaa si kazi ya mara moja. Huliwa na mvua kidogo kidogo, na katika kuliwa kwake hulikinga jiwe. Ukoo unaokutana kila mwaka baada ya masika, ukafyeka, ukafagia na kupaka tabaka moja palipochakaa, hautahitaji mchango mkubwa, na majina ya wazee wake yataendelea kusomeka.